Tamino, lagi na slivu za nyaya za muziki wa gari: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya ni maswali yanayojirudia kila mtu akitaka kufunga ampu na sabufa, awe Kariakoo, Luthuli au Mombasa. Kama uko haraka soma la kubana na la athi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari) kwanza, matatizo mengi yanaishia hapo. Mahesabu yote ni ya gari la volti 12, ya basi angalia mwishoni.

## Ya mwanzo mwanzo

Nahitaji nini hasa, maana duka linaniuzia vitu kumi?

Kwa ampu moja na sabufa unahitaji lagi (ile tamino, yaani ncha ya chuma ya kuunganishia waya, yenye tundu la kupitisha bolti) za waya mnene, moja upande wa betri, moja upande wa athi, na zingine kwenye kishikio cha fyuzi kama ni cha kufunga kwa nati. Halafu tamino za kuchomeka, zile bapa, kwa ajili ya spika. Halafu hitishrinki (bomba la plastiki linalonywea likipata joto) ya kufunika kila kiungo, na slivu ya kulinda waya njia nzima kuanzia kwenye injini. Vingine ni mapambo. Zile seti zilizopakiwa kwenye boksi zinakuja na kila kitu, ila mara nyingi lagi zake ni bati jepesi unaweza kulikunja kwa vidole, kwa hiyo hata ukinunua seti, lagi nunua pembeni.

Waya wangu ni mnene kabisa, mbona besi ikipiga taa zinafifia na ampu inazima?

Kwa sababu umeme haupiti kwenye waya tu, unapita na kwenye viungo, na kiungo kibovu kinameza volti kuliko waya wote. Fanya hesabu: geji 4 (geji ni kipimo cha unene wa waya, namba ikishuka waya unanenepa) ya kopa ina ukinzani kama wa milioomu 0.8 kwa mita, kwa hiyo mita 5 kutoka betri mpaka buti ni milioomu 4 hivi, ukivuta ampea 80 unapoteza kama volti 0.3, sio mbaya. Sasa kiungo kimoja tu kilichobanwa kwa plaizi kikiwa na milioomu 10, ampea zile zile 80 zinapoteza volti 0.8 pale pale sehemu moja, na hizo ni wati 64 za moto kwenye kitu chenye ukubwa wa kidole. Ndio maana unakuta plastiki ya kishikio cha fyuzi imeyeyuka na fyuzi yenyewe iko nzima, kwa sababu ampea hazikuzidi kiwango cha fyuzi.

Kwa hiyo kabla hujaambiwa ununue waya wa geji 0, au betri ya pili, kagua viungo. Jinsi ya kukagua ipo kwenye swali la mwisho.

Geji 4 ni milimita ngapi? Dukani lagi zimeandikwa namba nyingine.

Waya za muziki zinauzwa kwa geji za Kimarekani, lagi zinauzwa kwa milimita za mraba, ndio inachanganya. Geji 8 ni kama 8.4, geji 4 ni kama 21, geji 2 ni 33.6, geji 0 ni 53.5. Lagi zinakuja za 10, 16, 25, 35, 50, 70. Kwa hiyo geji 8 chukua lagi ya 10, geji 4 chukua 25, geji 2 chukua 35, geji 0 jaribu 50 na kama haiingii usikate nyuzi hata moja, nenda 70 ubane vizuri.

Ukiona lagi imegongwa SC25-8 maana yake ni waya wa milimita za mraba 25 na tundu la bolti ya milimita 8. Hapo pa tundu watu wanapapuuza. Kwenye magari ya Kijapani bolti inayofunguliwa kwa spana namba 10 ni ya milimita 6, ya spana 12 ni ya milimita 8. Tundu likiwa kubwa kuliko bolti, lagi inagusa kwa ukingo mwembamba tu na washa (ile pete ya chuma ya chini ya nati) inazama, tundu likiwa dogo fundi anapanua kwa drili na kula nyama ya lagi.

Na kama waya ni wa jina tu, yaani plastiki nene na ndani nyuzi kiduchu, usiamini namba ya nje. Menya kidogo uchungulie kabla hujalipa.

Hizi tamino ndogo za rangi nyekundu, bluu na njano zinatofautiana nini?

Rangi ni saizi, sio chanya na hasi. Nyekundu ni ya waya wa milimita za mraba 0.5 mpaka 1.5, bluu 1.5 mpaka 2.5, njano 4 mpaka 6. Waya wa rimoti wa ampu (ule wa kuiwasha) ni nyekundu, spika za kawaida ni nyekundu au bluu, sabufa yenye waya wa geji 12 ni njano. Waya mwembamba kwenye tamino ya njano hautabanika hata ukibana na jiwe.

Nimeambiwa waya ni kopa tupu, nitajuaje sio alumini iliyopakwa?

Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Kopa ni nyekundu mpaka ndani, ule mwingine unageuka mweupe wa fedha. Angalizo, kuna kopa iliyopakwa bati kwa nje, hiyo ni nyeupe nje na nyekundu ndani, na ni nzuri sana, usije ukaikataa. Njia nyingine ni uzito, shika roli mbili za saizi moja, la alumini ni jepesi waziwazi.

Alumini iliyopakwa kopa sio haramu, inapitisha umeme kama theluthi mbili hivi ya kopa, kwa hiyo ukiitumia panda saizi moja juu na fyuzi iwe ya kiwango chake. Shida yake kubwa iko kwenye tamino: alumini ni laini, ukiikaza na skrubu leo inatambaa polepole na baada ya muda skrubu inalegea yenyewe. Ukiwa nayo rudia kukaza baada ya wiki chache, na kiungo kifungwe hewa isiingie.

Lagi ya kopa, ya brasi, au ile ya dhahabu?

Kopa iliyopakwa bati, basi. Ile ya dhahabu mara nyingi ni brasi iliyopakwa rangi nyembamba ya kung'aa, na brasi inapitisha umeme vibaya, kama robo na kidogo tu ya kopa. Dhahabu yenyewe haishiki kutu ni kweli, ila ikishakwaruzwa na spana unabaki na brasi. Kwa plagi za RCA (za waya wa sauti kwenda ampu) sawa, kule ampea hazipo. Kwa betri achana nayo.

## Kubana

Kubana au kulehemu, kipi bora?

Kubana. Najua mafundi wa redio watakasirika. Kulehemu kuna shida mbili kwenye gari. Ya kwanza, risasi inapanda ndani ya nyuzi kupita kiungo, pale inapoishia waya unakuwa mgumu kama kijiti, mtikisiko wa barabara unaukata hapo hapo, na kwa nje huoni kitu kwa sababu plastiki iko nzima. Ya pili, risasi ya kawaida inayeyuka kama nyuzi joto 183 hadi 190, kiungo kikipata moto kinajifungua chenyewe.

Kulehemu kuna mahali pake, nyuma ya redio kwa nyaya nyembamba zisizochezacheza, ukilehemu vizuri na kufunika ni safi kabisa. Ila usipake risasi kwenye ncha ya waya unaoenda kukazwa kwa skrubu ya ampu. Watu wanafanya wakidhani ni ufundi, kumbe risasi inajisogeza ikibanwa na skrubu inalegea. Kwa skrubu tumia kile kibomba kidogo cha bati cha kuvisha ncha ya waya, ubane, ndio uingize.

Sina krimpa (kifaa cha kubania) ya lagi kubwa, nibane kwa nyundo au plaizi?

Plaizi hapana, haina nguvu, inabonyeza tu umbo la yai na katikati kunabaki hewa. Nyundo na patasi watu wanafanya na wakati mwingine inashika, ila huwezi kujua. Kuna kifaa cha kubania kwa kugonga, kina shimo la V, hicho ni afadhali. Bora zaidi tafuta krimpa ya haidroliki, na sio lazima ununue: mafundi wa sola na wa umeme mkubwa wanayo, pima waya wako nyumbani kwanza, kata, peleka na lagi zako wakubanie.

Kipimo ni hiki. Menya waya urefu wa bomba la lagi tu, nyuzi zote ziingie mpaka zionekane kwenye kale katundu ka kuchungulia, bana, halafu shika lagi kwa plaizi na uvute waya kwa nguvu zako zote kama unagombea kamba. Ikichomoka sasa hivi mikononi mwako, shukuru. Ukiikata lagi nzuri katikati kwa msumeno unaona kipande kimoja cha kopa, nyuzi hazitofautishiki.

Na vile vibanio vya plastiki vya kunyofoa umeme bila kukata waya?

Vile vya bluu na vyekundu unavyofunga juu ya waya na kijisu kinapenya ndani? Usitumie. Kijisu kinakata baadhi ya nyuzi, unyevu unaingia, na mwaka mmoja baadae taa ya dashibodi inawaka na kuzima bila sababu na hakuna fundi anayejua pa kuanzia.

## Slivu

Hitishrinki nichukue saizi gani?

Angalia vitu viwili: kabla ya kuchoma ipite juu ya sehemu nene kuliko zote (mdomo wa lagi), na baada ya kuchoma iwe nyembamba kuliko waya. Ya 2:1 inanywea mpaka nusu ya upana wake, ya 3:1 mpaka theluthi. Kwa lagi yenye mdomo mpana na waya mwembamba chukua 3:1, kwa kuunga waya na waya 2:1 inatosha. Inapungua kidogo na urefu pia, kwa hiyo kata ndefu kuliko unavyodhani, ifunike bomba lote la lagi na sentimita mbili tatu za plastiki ya waya. Sehemu bapa ya lagi usiifunike, pale panapokazwa bolti pawe chuma kwa chuma.

Na ivishe kwenye waya KABLA ya kubana. Kila mtu anacheka akisoma hii halafu anasahau.

Yenye gundi au ya kawaida?

Chini ya boneti na popote maji yanapofika, yenye gundi. Ikinywea gundi inayeyuka ndani na unaiona inachungulia pembeni kidogo, hapo ujue imefunga. Ndani ya gari ya kawaida inatosha. Bei inazidi ila unanunua vipande vichache tu.

Naweza kuchoma kwa kiberiti cha gesi?

Unaweza ila moto usiiguse, upite chini kwa mbali huku unazungusha, uanzie katikati kwenda nje ili hewa itoke. Ikiwa nyeusi na kung'aa au ina mapovu umeiunguza. Hitagani (kipulizia hewa ya moto) ni bora, inanywea vizuri kwenye nyuzi 100 na kitu. Usifanye karibu na betri inayochajiwa, ina gesi ya haidrojeni.

Ile soksi ya kusukwa inayong'aa ni ya urembo tu?

Asilimia kubwa urembo, lakini inasaidia msuguano. Ile nyeusi ya poliesta inavumilia joto la nyuzi 125 hivi, inatanuka ukiisukuma na kushika ukiivuta. Isichofanya ni kuzuia maji wala umeme, ina matundu, kwa hiyo waya uliochubuka usiufiche humo. Ikate kwa kisu cha moto, ukikata kwa mkasi mdomo unafumuka kama kamba ya mkonge, halafu malizia kila mwisho kwa kipande cha hitishrinki.

Na bomba la mikunjo lililopasuliwa?

Hilo ndilo la kazi kule kwenye injini. Uliza ni la nini: la polithini ni rahisi ila halipendi joto, la nailoni linavumilia. Ukilibana kwa vidole la nailoni ni gumu zaidi. Kwa vyovyote waya uwe mbali na ekzosi, na kama hakuna njia nyingine uvishe slivu ya faibaglasi. Mpasuko uangalie chini maji yatoke, na funga kwa zipu (zile kamba za plastiki za kufungia nyaya) kila kiganja na nusu hivi.

Solotepu haitoshi?

Kwa joto la ndani ya gari lililopaki juani, gundi ya solotepu inageuka uji, tepu inateleza na kuacha waya uchi na uchafu wa kunata. Ukitaka tepu tumia ya kitambaa, ile nyeusi viwanda vya magari vinayozungushia nyaya zao, pia inaua kelele za waya kugonga dashibodi.

Rangi ya slivu ina maana yoyote?

Kwa muziki wako ni hiari, ila kuna rangi mbili za kuziacha. Njano kwenye magari mengi inamaanisha eabegi. Chungwa inamaanisha umeme mkubwa wa gari la haibridi. Ukivisha waya wa sabufa slivu ya chungwa unamchanganya fundi atakayekuja baada yako, na siku moja atazoea kwamba ya chungwa haina neno. Nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi, imetosha.

## Kufunga

Napitisha wapi waya kutoka injini kuja ndani?

Pita kwenye raba iliyopo tayari, au toboa tundu jipya uweke raba yake. Waya kupita kwenye bati tupu, hata ukiwa na slivu, ni suala la muda tu. Hapo ndipo magari yanapowakia moto.

Fyuzi iwe wapi na ampea ngapi?

Karibu na betri, isizidi sentimita 45. Fyuzi inalinda waya, sio ampu, kwa hiyo inafuata unene: geji 8 ya kopa ampea 50 mpaka 60, geji 4 kama 100, geji 0 mpaka 250. Kama ni alumini iliyopakwa kopa, punguza ampea za fyuzi. Kishikio cha fyuzi nacho ni tamino, yale yote ya swali la pili yanakihusu.

Athi nifunge wapi?

Kwenye bati la bodi, karibu na ampu, waya mfupi na unene ule ule wa chanya. Kwaruza rangi kwa msasa mpaka uone bati linang'aa duara kubwa kuliko lagi, weka lagi ikigusa bati moja kwa moja (sio washa katikati!), juu yake washa ya meno, kaza, halafu paka grisi au rangi juu kuzuia kutu. Bolti ya mkanda wa usalama usiiguse, ile ni roho za watu. Kelele ya mluzi inayopanda na injini mara nyingi inatoka hapa, au kwa RCA kulala sambamba na waya wa umeme, zipitishe pande tofauti.

Betri ya IST ina vichwa vyembamba, kibanio nilichonunua kinacheza.

Betri nyingi ndogo za Kijapani zina vichwa vyembamba, na vibanio vya muziki vinatengenezwa kwa vichwa vinene. Usijaze kipande cha bati la kopo. Kuna vikombe vya risasi vya kuvisha kichwa kikanenepa, au acha kibanio cha gari na ufunge lagi yako kwenye bolti yake. Kumbuka pia kichwa cha chanya ni kinene kuliko cha hasi, vibanio havibadilishani.

Nyuma ya redio kuna soketi, nikate?

Toyota nyingi zina plagi mbili, ya pini 10 na ya pini 6. Nunua adapta yake na uunge kwenye nyaya za redio mpya juu ya meza, sio umelala chini ya dashibodi. Aliyekata soketi ya gari anamwachia mwenye gari msiba.

Spika za mlangoni?

Tamino bapa, na angalia ncha za spika: mara nyingi pana ni chanya na nyembamba ni hasi. Waya upite ndani ya ile raba ya mkunjo kati ya mlango na bodi, na kiungo chochote kisiwe ndani ya mkunjo.

## Kesi ngumu

Geji 4 haiingii kwenye tundu la ampu.

Usipunguze nyuzi kwa kiwembe. Kuna tamino ya ncha, upande mmoja geji 4 na upande mwingine kijiti chembamba. Ila kama ampu ilitengenezwa kwa geji 8, jiulize kama kweli ina wati zilizoandikwa kwenye boksi.

Waya mbili lagi moja?

Hapana. Lagi mbili bolti moja zikitazamana mgongo kwa mgongo ni sawa, ya ampea nyingi iwe chini. Zaidi ya hapo weka bloku ya kugawia.

Naishi Tanga / Mombasa / Unguja, kutu ya kijani inakula kila kitu.

Hewa ya chumvi inaingia kwenye mdomo wa lagi na kutambaa ndani ya waya. Ukimenya unakuta nyuzi nyeusi mpaka shibiri moja ndani. Pwani sio pa kubana matumizi: kopa iliyopakwa bati, lagi yenye bati, hitishrinki ya gundi, kila kiungo. Kama weusi umeshaingia, kata waya mpaka ukute nyuzi safi, kusugua hakusaidii.

Gari ni Aqua au Prius.

Betri ya volti 12 iko nyuma, Aqua chini ya siti ya nyuma, Prius nyingi kwenye buti, kwa hiyo waya wako ni mfupi na mwembamba zaidi unatosha. Cha chungwa usikiguse kabisa, hata kukifunga zipu.

Basi la volti 24?

Tumia konvata ya 24 kwenda 12. Kunyofoa 12 kwenye betri moja ya zile mbili kunaua betri zote, moja inachajiwa kupita kiasi na nyingine inakufa njaa.

Bajaji?

Mtikisiko ni mkubwa kuliko gari lolote, kwa hiyo kulehemu sahau, washa za kujikaza lazima, na kila waya ushikwe kwa zipu karibu na tamino ili uzito usining'inie kwenye kiungo.

Nitajuaje kiungo kibovu bila kufungua kila kitu?

Weka mita kwenye volti za DC, piga wimbo wenye besi nzito, sindano moja kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye lagi iliyofungwa hapo. Halafu pande mbili za kishikio cha fyuzi. Halafu kati ya hasi ya ampu na bati tupu la bodi. Kiungo kizima kinasoma karibu na sifuri, kikizidi volti 0.1 kifungue. Mita ikiruka ruka na besi, gusa kwa kidole taratibu baada ya kuzima, cha moto ndio chenyewe.